Nikeli: Kichocheo Kilichogandisha Mafuta ya Kupikia

Mwaka 1897, mjini Toulouse, kusini mwa Ufaransa, Profesa Paul Sabatier na mwenzake, Padri Jean-Baptiste Senderens, walipitisha gesi ya ethilini juu ya unga wa nikeli uliopashwa moto hadi karibu nyuzi 300. Unga ukawaka mwekundu, masizi ya kaboni yakajaa, na gesi iliyotoka ikakutwa na ethani nyingi. Ethani ni ethilini iliyoongezewa haidrojeni. Bila shaka sehemu ya ethilini ilivunjika, ikaachia haidrojeni, nayo nikeli ikaipachika kwenye ethilini iliyosalia. Walipochanganya ethilini na haidrojeni tangu mwanzo, kazi ilifanyika kwa urahisi zaidi.

Sabatier alieleza kwamba haidrojeni hushikana na uso wa nikeli kwa muda, kisha hukabidhiwa molekuli nyingine. Nikeli yenyewe hailiki, hivyo kiasi kidogo tu hufanya kazi kubwa. Tena ni rahisi kuliko platini. Mwaka 1912 Sabatier alipata Tuzo ya Nobel, akigawana na Victor Grignard, mgunduzi wa kitendanishi cha magnesi. Senderens hakupewa, ingawa jasho lilikuwa la wote wawili.

Sabatier alishughulikia mvuke. Mjerumani Wilhelm Normann alithubutu kutumia mafuta ya maji: alitia unga wa nikeli ndani yake, akapuliza haidrojeni, nayo yakaganda. Hataza aliiomba mwaka 1902. Kufikia 1911, Marekani ilikuwa ikiuza Crisco, mafuta ya mbegu za pamba yaliyogandishwa, ya bei nafuu na yasiyochacha upesi.

Lakini mafuta hayo yalikuja na madhara, yaliyotokana na kuikatisha kazi njiani. Ili mafuta yabaki laini, viwanda vilisimamisha haidrojeni kabla haijaenea kote. Baadhi ya molekuli zilizoguswa na nikeli ziliachwa bila haidrojeni, lakini zimebadilika umbo: ndiyo mafuta ya transi. Mwaka 1990, watafiti wa Uholanzi Ronald Mensink na Martijn Katan walionyesha kwamba yanapandisha kolesteroli mbaya na kushusha ile nzuri. Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani likataka yaondolewe katika vyakula duniani kote.

Mafuta yaliyojazwa haidrojeni kikamilifu karibu hayana transi. Kwa hiyo tusiilaumu nikeli. Tusome lebo, na tukiona mafuta yaliyotiwa haidrojeni nusunusu, tuyaache dukani.