Nani Mwenye Haki ya Kumpa Mtoto Jina?

Kabla ya vyeti vya kuzaliwa, jina lenyewe lilikuwa kumbukumbu. Kwa Wajaluo, Otieno alizaliwa usiku, Onyango alizaliwa asubuhi jua likiwa limepanda, na Okoth alizaliwa mvua ikinyesha. Usukumani, pacha wa kwanza ni Kulwa na wa pili ni Doto, majina ambayo leo yameenea Tanzania nzima. Waswahili nao wana Mwanaidi na Ramadhani, Tabu na Mashaka.

Msomaji wa Agano la Kale hapa hayuko ugenini. Jina la Isaka linatokana na neno la Kiebrania la kucheka, kwa kuwa Sara alicheka aliposikia kwamba atazaa uzeeni. Musa, akiwa mkimbizi Midiani, alimwita mwanawe Gershomu kwa sababu ya ugeni wake. Mkwe wa kuhani Eli alijifungua siku aliyopata habari kwamba sanduku la agano limetekwa na mumewe amekufa. Akamwita mtoto Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Huyo kwetu angeitwa Tabu.

Pande zote mbili ziliamini pia kwamba jina lina nguvu. Raheli, akikata roho baada ya kujifungua, alimwita mwanawe Benoni, mwana wa huzuni yangu. Yakobo akambadilishia palepale, akamwita Benyamini, asije akabeba msiba maisha yake yote. Wajaluo walipita njia nyingine: familia iliyofiwa na watoto mfululizo ilimwita aliyefuata Owiti, au Awiti akiwa msichana, maana yake aliyetupwa, ili kifo kisimtamani.

Tena kuna majina ya kurithi. Kwa Wakikuyu, mwana wa kwanza huitwa kwa jina la babu mzaa baba na wa pili kwa jina la babu mzaa mama. Katika Injili ya Luka, majirani walitaka mtoto aitwe Zakaria kama baba yake, nao wakashangaa Elisabeti aliposema Yohana, kwa kuwa hakuna jamaa yao mwenye jina hilo. Mzee wa Kikuyu angeshangaa vivyo hivyo.

Mfanano huu hauthibitishi kwamba tuna asili moja na Waebrania. Unaonyesha kwamba jamii zilizotunza historia yake kwa mdomo ziliyapa majina kazi ileile, na kwamba kazi hiyo ilikuwa ya familia.

Ndiyo maana kubadilishwa jina na mtu wa nje kuna uzito wake. Danieli alipopelekwa Babeli, mkuu wa matowashi alimwita Belteshaza. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1917 iliwataka maparoko wahakikishe kwamba anayebatizwa anapewa jina la Kikristo. Mwaka 1914, katika misheni ya Waskoti huko Thogoto, Kamau wa Ngengi alibatizwa Johnstone. Baadaye dunia ilimjua kama Jomo Kenyatta. Kambarage, mwana wa chifu wa Wazanaki, alibatizwa Julius mwaka 1943. Jina Kambarage lilihusishwa na roho ya mvua, kwa hiyo shaka ya wamisionari ilieleweka. Lakini Julius nalo lilikuwa jina la ukoo wa Kirumi uliokuwepo kabla ya Ukristo. Mwalimu Nyerere aliyatunza yote mawili.

Mwaka 1972 Mobutu aligeuza mambo: alipiga marufuku majina ya Kikristo nchini Zaire, na yeye mwenyewe akaacha kuitwa Joseph-Désiré. Alidai anarudisha uhalisi wa Kiafrika, lakini aliingia nyumbani mwa watu kama walivyoingia waliomtangulia.

Sheria ya Kanisa ya 1983 inataka tu jina lisipingane na hisia za Kikristo. Kwa hiyo Otieno anaweza kubatizwa Otieno. Wanachama wenzangu mtakaopata watoto huku ughaibuni mtakutana na shinikizo jingine, la kuchagua jina lisilomsumbua karani au mwalimu. Mkilichagua kwa hiari, hilo ni jina halali la nyumbani kwenu. Ila kabla hamjaandika fomu, wapigieni simu bibi na babu, muwaulize ni jina gani wao walikuwa wakilingojea na lilitoka wapi.