Ligi Inaanza Karibuni

Timu ya mwisho kutoka Mombasa kubeba ubingwa wa ligi ya Kenya ilikuwa Feisal, mwaka 1965. Ligi yenyewe ilikuwa bado changa. Nakuru All Stars walichukua ya kwanza 1963, Luo Union wakafuatia 1964, halafu kombe likateremka pwani. Mwaka uliofuata Abaluhya wakalipandisha bara, na mpaka leo halijarudi. Miaka 57. Ukimwambia mtoto wa Nairobi kwamba Mombasa ilitoa bingwa kabla Gor Mahia haijazaliwa (Gor ni ya 1968), anakutazama kama umemwambia papa amepanda mnazi.

Naandika haya wikendi ya mwisho ya Oktoba 2022, na ligi haijaanza. Ilitakiwa ianze zamani. Tarehe imesogezwa tena na tena, sasa twaambiwa Novemba. Hapa Likoni, kwenye benchi la kahawa karibu na kwetu, kuna mzee mmoja aliyekuwa kuli bandarini, na kila magharibi swali lake ni lile lile.

"Mwanangu, hii ligi yenu yaanza lini?"

"Karibuni, ami."

"Karibuni, karibuni. Karibuni huambiwa wageni."

Watu wacheka, kahawa yamiminwa, na mimi sina jibu jingine la kumpa.

Tuanze na sababu, manake kuna watu wanadhani tunachelewa kwa sababu ya uchaguzi. Uchaguzi ni shahidi tu. Tarehe 11 Novemba mwaka jana, Waziri wa Michezo wa wakati huo, Amina Mohamed, alivunja shirikisho la kandanda kwa tuhuma za matumizi mabaya ya pesa, akaweka kamati chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera. FIFA hawataki serikali itie mkono kwenye mpira, hata mkono uwe msafi. Februari 2022 wakatufungia, siku moja na Zimbabwe. Ligi ya nyumbani ikaendelea hivyo hivyo mpaka Juni, Tusker wakabeba kwa tofauti ya mabao mbele ya Kakamega Homeboyz, lakini nje ya mipaka hatupo. Harambee Stars wameondolewa kwenye mechi za kufuzu Kombe la Afrika. Harambee Starlets walipangiwa Uganda, mechi haikuchezwa, na Uganda wakaenda Morocco bila kutokwa jasho. Hiyo ya Starlets bado yaniuma kuliko zote. Wale dada hawakuvunja shirikisho lolote.

Sasa kuna serikali mpya na waziri mpya, Ababu Namwamba, aliyeapishwa juzi Alhamisi. Kila mtu amsubiri aseme neno Zurich wakalisikia.

Nataka niseme lakini kwamba kungoja si kitu kigeni kwa Mombasa. Mwaka huu hata gavana tulimngoja. Nchi nzima ilipiga kura tarehe 9 Agosti, sisi na Kakamega tukaambiwa karatasi za kura za ugavana zimechanganywa, turudi tarehe 29. Na mwaka 2020, korona ilipoingia Machi, mpira ulisimama baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza. Wiki mbili baadaye, tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu, polisi waliwapiga watu kwa virungu na vitoa machozi pale kivukoni Likoni, watu waliokuwa wanajaribu tu kuvuka wafike kwao kabla ya saa moja. Mwisho wa Aprili ligi ikafutwa, Gor wakapewa kombe mezani. Msimu uliofuata ulianza mwisho wa Novemba. Kwa hivyo huu utakuwa mwaka wa pili ndani ya mitatu ambapo msimu unaanza wakati ambapo wenzetu Ulaya wameshaanza ligi yao zamani.

Wamarekani nao walichelewa mwaka huu, kwenye besiboli. Matajiri wenye timu waligombana na wachezaji juu ya mkataba, wakafunga milango tangu Desemba mpaka Machi, na msimu ukaanza tarehe 7 Aprili badala ya mwisho wa Machi. Wiki moja tu! Na mechi zote 162 za kila timu zikachezwa, na wikendi hii wako fainali. Besiboli siijui vizuri, nilianza kuifuatilia mwaka huu kwa sababu moja: timu ya Los Angeles, Dodgers, imesajili vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Waganda! Nikajiuliza, mtu anatokaje Uganda, nchi ya mpira wa miguu, akarusha kijipira kidogo mpaka Los Angeles wakamwona? Jibu ni kwamba kulikuwa na mtu wa kuangalia, na kulikuwa na mahali pa kurushia, kila wiki, bila kukatizwa. Hayo mawili ndiyo ninayoyataka hapa. Sitaki makubwa.

Turudi kwa Feisal. Majina ya enzi ile nimeyapata vipande vipande barazani: Ali Kajo, ambaye wazee wakimtaja huinua kidole kama wanaapa, Liverpool ya Mombasa, na Mwenge. Baadaye Mahmoud Abbas, kipa mtoto wa Mombasa, aliyedaka mpaka nchi ikampa jina la Kenya One. Lakini angalia Abbas alidakia wapi miaka yake mikubwa: AFC Leopards, Nairobi. Hiyo ndiyo historia ya mpira wa pwani ukiikunja ikaingia mfukoni. Mtoto anazaliwa hapa, anajifunza kwenye mchanga hapa, anapevuka kule.

Wengi watakwambia ni ukabila, kwamba Gor na Leopards walikuwa na jamii kubwa nyuma yao na sisi hatuna. Kuna ukweli ndani yake, lakini nadhani jambo kubwa zaidi lilikuwa mshahara. Timu kama Feisal ilisimama juu ya mapenzi ya watu wa mji, na mapenzi hayanunui viatu vya mpira. Timu za waajiri zilimpa mchezaji kazi. Ukicheza vizuri unaandikwa, ukiumia bado una karani anayekujua kwa jina. Bandari FC ilitokana na hilo. Wazee waliijua kama Lasco, timu ya kampuni ya kushusha na kupakia meli, ikaja kuwa Cargo wakati kazi hiyo ilipokuwa ya Kenya Cargo Handling, halafu Bandari chini ya Mamlaka ya Bandari. Majina matatu, na chini ya yote ni mkono ule ule unaobeba gunia. Ikafa, ikafufuliwa miaka ya 2000. Feisal haikuwa na mwajiri wa kuifufua.

Ndio sababu watu wa Changamwe na Likoni wana jambo na hii timu hata wasipokwenda uwanjani. Bandari ikishamiri, nyumba zinalipiwa kodi. Serikali ilipoamuru makasha yapande treni ya SGR moja kwa moja hadi Nairobi, Changamwe iliona kwanza: malori yamelala, mikahawa ya madereva imefungwa, na mwaka 2019 watu wakawa barabarani kila Jumatatu na mabango ya Okoa Mombasa. Mwaka ule ule, ajabu ya Mungu, timu ikacheza mpira bora niliouona maishani mwangu.

Acha nikae hapo kidogo, manake ni patamu. Januari 2019, Bandari ya Bernard Mwalala inakwenda Dar es Salaam na kuipiga Simba 2-1 nyumbani kwao, nusu fainali ya kombe la SportPesa. Fainali tukafungwa na Kariobangi Sharks, sawa. Tukarudi, tukamaliza ligi nafasi ya pili nyuma ya Gor. Juni tukakutana na Sharks tena, fainali ya ngao, tukawalipa 3-1. Tukaingia Kombe la Shirikisho la Afrika, tukawatoa Al-Ahly Shendi ya Sudan, tukawatoa Ben Guerdane ya Tunisia, mpaka Horoya ya Guinea wakatuzima mlangoni mwa makundi. Mechi za nyumbani tulizichezea Nairobi. Mombasa nzima haikuwa na kiwanja kimoja ambacho CAF wangekikubali. Uwanja wa Manispaa ulikuwa umebomolewa enzi za Gavana Joho ili ujengwe mpya, na mpaka sasa ukipita pale unaona zege lililosimama likingoja, kama sisi. Timu yetu ikicheza Afrika, sisi tuliitazama kwenye simu. Na kipa wetu, Farouk Shikalo, akachukuliwa na Yanga kabla hata hatujamaliza kusherehekea.

Mwaka ule nilikuwa chuoni Nairobi, kwa hivyo mimi kwa bahati niliziona Kasarani. Chuo nilikiacha baadaye, karo na mimi mwenyewe tuligawana lawama, na sasa naandika nikipata cha kuandika. Lakini wallahi kama kuna somo nililohudhuria bila kukosa ni lile la Ben Guerdane.

Sasa vijana. Kuna winga wa kushoto huku kwetu, hajafika 20, simtaji jina kwa sababu mamake hataki. Nimemfuatilia tangu akicheza na mpira wa sandarusi. Ana mwendo ule wa kuchelewa nusu sekunde, beki anadhani amesahau mpira, halafu hayupo. Mara mbili ameitwa mazoezini na timu za ligi ya chini, na mara mbili timu zimemwambia subiri msimu utangazwe ndio tusajili. Kuna beki wa kati anayecheza Bomu, Changamwe, mrefu, mkimya, ukimwona kwenye matatu hutajua kama ndiye anayepiga kelele dakika tisini. Kisauni kuna kipa wa miaka kumi na saba anayedaka penalti kwa kumwangalia mpigaji nyonga. Hao ni watatu tu niliowaona mimi, mtu mmoja asiye na gari. Bara letu hili la kisiwani, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, lina watu wengi kuliko kisiwa chenyewe, na lina timu ngapi kwenye ligi kuu? Hiyo moja ya Bandari, na uwanja wake, Mbaraki, uko kisiwani.

Msimu usipoanza, saa kumi jioni inabaki tupu. Watu wa Kisauni wanajua saa kumi tupu hufanya nini kwa mvulana. Wameviona vikundi vya watoto wenye mapanga, majina yao yakiandikwa ukutani kama majina ya timu. Na kuna njia nyingine, ya halali, ambayo pia yatuchukulia wachezaji. Tarehe 20 Novemba Kombe la Dunia laanza Qatar. Mtaani kwetu tayari kuna watu watatu walioko Doha, mabawabu wote. Mmoja alikuwa straika mzuri sana. Atakuwa uwanjani siku ya Kombe la Dunia, amevaa sare, amegeuza mgongo kwa mpira, anatazama watu.

Yule winga ameshapewa fomu na wakala. Mamake aliniita wiki iliyopita, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza bei:

"Wewe ndiwe unayeandika mambo ya mpira. Nambie kweli mwanangu, itaanza?"

Nikamwambia, mama, mimi naona itaanza Novemba. Akasema basi atamshikia fomu mpaka Disemba, baada ya hapo hana neno.

Kwa hivyo utabiri wangu huu hapa, na una mtu nyuma yake. FIFA watalegeza kabla mwaka haujaisha, kwa sababu waziri mpya hana ugomvi wa kulinda. Ligi itaanza Novemba hata kama ratiba itatoka Ijumaa kwa mechi ya Jumamosi. Rais Ruto ameagiza shughuli za bandari zirudi Mombasa, na zikirudi kweli, mfadhili wa timu yetu hatakuwa na kisingizio cha kutosajili. Ubingwa sisemi. Natabiri nafasi ya nne, na nitaifurahia ya nne kama wengine wanavyofurahia ya kwanza. Nataka wachezaji wawili chini ya miaka 20 wapewe dakika za kweli, sio zile tano za mwisho tukiwa tumeshafungwa mbili.

Feri ya wanaokwenda kwa miguu ni bure. Kutoka kivukoni hadi Mbaraki ni mwendo wa kutembea, na ukitoka Likoni saa nane unafika kabla ya mchezo, ukipata nafasi upande wa kivuli. Mzee wa kahawa asema mechi ya kwanza tukienda nitamlipia tiketi. Nimekubali. Formu ya yule kijana iko kabatini kwa mamake, chini ya kanga.