Filamu za Kumbukumbu na Habari za Wapiganaji wa Zamani wa Karagwe na Kyerwa

Habari za Karagwe ziliandikwa kwanza na wageni. John Hanning Speke na James Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika mwezi wa Novemba, 1861, mkalimani wao mkuu alikuwa Sidi Mubarak Bombay, aliyesema na Speke kwa Kihindustani. Hivyo maneno ya wazee wa Kinyambo yalivuka lugha zaidi ya moja kabla ya kufika kitabuni.

Hatari iyo hiyo ingaliko, ijapokuwa kalamu imepata mwenzake, yaani kamera. Atakaye kutengeneza filamu za kumbukumbu katika wilaya za Karagwe na Kyerwa hana budi kuwaanza waliopigana Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania mwishoni mwa Oktoba, 1978, yakaikalia nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Jeshi la Tanzania, lililokuwa na askari wasiotimia 40,000, likaongezwa hata likapita 100,000, mgambo wengi wakiwa miongoni mwao. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili, 1979. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati ule sasa amekwisha kupita 65. Muda wa kumsikiliza si mrefu.

Vitabu vyaeleza mwendo wa majeshi. Mgambo hukumbuka njia aliyoipita, njaa, na mwenzake asiyerudi. Mambo hayo yataka uangalifu wa namna tatu.

Kwanza, lugha. Mzee aanzaye kwa Kinyambo asikatizwe ili aseme Kiswahili. Sauti yake isikike yote, na tafsiri iandikwe chini ya picha.

Pili, majina. Wakati wa uvamizi mkoa uliitwa Ziwa Magharibi; nayo Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012 tu. Mzee asemapo "Karagwe" aweza kuwa anataja kijiji kilichomo Kyerwa leo. Asisahihishwe, maelezo yatolewe kando.

Tatu, ushahidi. Kumbukumbu ya mtu mmoja ilinganishwe na ya wenzake, na kanda nzima ihifadhiwe pamoja na sehemu zilizokatwa, kwa kuwa mchunguzi wa kesho aweza kuhitaji lile lililoonekana halina maana.

Filamu ifunikayo sauti ya mzee kwa sauti ya msimulizi imeirudisha Karagwe kwenye hali ya mwaka 1861: wenyewe wamesema, lakini aliyesikika ni mkalimani.