Pete ya fedha na kito chake: Jinsi ya kutambua bandia

MKULIMA wa majani chai wa Kabianga, Kaunti ya Kericho, anayekusudia kununua pete ya fedha kwa bonasi yake, yafaa ajue mambo machache kabla ya kutoa pesa.

Kwanza, atafute mhuri wa 925 upande wa ndani. Maana yake ni kwamba sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha. Zilizosalia aghalabu ni shaba. Hata hivyo, mhuri hughushiwa. Sumaku ikiivuta pete, hiyo si fedha. Isipoivuta, bado si thibitisho, kwani shaba iliyopakwa fedha nayo haivutwi. Weusi usimtishe: fedha halisi husawijika kwa salfa iliyo hewani.

Kito nacho kitazamwe kwa lenzi ya kukuzia. Viputo vya mviringo ndani yake ni dalili ya kioo. Tsavoraiti, kito cha kijani kichimbwacho Taita Taveta, ni kigumu kuliko kioo na kingo zake hazichakai upesi. Vito vilivyoundwa maabarani huhitaji mtaalamu mwenye vifaa.

Vipimo vya nyumbani hufichua bandia tu. Kwa hivyo, mnunuzi adai risiti inayotaja madini na jina la kito. Muuzaji akikataa kuiandika, bonasi na irudi mfukoni.