Kanuni Zinahesabu Nini? Nusu Karne ya Michezo ya Uigizaji Mezani

Januari 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, kampuni changa ya TSR ilianza kuuza kisanduku chenye vijitabu vitatu. Bei yake ilikuwa dola 10, na nakala zilizochapwa ni 1,000. Ndani mlikuwa na Dungeons & Dragons (D&D), kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Watu huketi mezani, mmoja wao akasimulia na kusimamia mchezo, wengine kila mtu na mhusika wake, na penye shaka dadu huamua.

Chimbuko lake ni michezo ya vita. Mwaka 1969 huko Minnesota, David Wesely aliwaandalia wenzake mchezo katika mji wa kubuni uitwao Braunstein, na badala ya kuwagawia vikosi tu, akampa kila mmoja mtu wa kumwigiza. Arneson alilipenda wazo hilo, akaliendeleza katika nchi yake ya kubuni, Blackmoor, ambako wahusika walishuka kwenye mapango ya chini ya ngome.

Tangu wakati huo imetoka mifumo mingi ajabu, na kundi linalotaka kuanza hadithi ndefu, ya kuchezwa wiki baada ya wiki, hukwama kwenye swali la ushikwe upi. Wengi huchagua kwa mandhari: majoka au vyombo vya anga. Kwangu mimi historia inaelekeza kwingine. Tazama kanuni zinahesabu nini, kwa sababu kinachohesabiwa ndicho wachezaji watakachokihangaikia.

Chukua D&D yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1970, sehemu kubwa ya alama za kumpandisha mhusika ngazi ilitokana na dhahabu aliyofanikiwa kutoka nayo salama. Mhusika mchanga aliweza kufa kwa pigo moja, basi wachezaji walinyemelea, walihonga, walikimbia. Toleo la pili la 1989 liliifanya kanuni hiyo ya dhahabu kuwa ya hiari, na toleo la mwaka 2000 likatoa alama hasa kwa kuwashinda maadui. Jina ni lile lile, lakini jioni ya mezani si ile tena. Ndiyo maana “tucheze D&D” ni kauli isiyotosha mpaka itajwe ni toleo gani.

Traveller ya Marc Miller, ya 1977, ilikwenda njia yake. Mhusika hutumikia jeshi au kazi nyingine kwa vipindi vya miaka minne kabla mchezo haujaanza, na dadu zikimkataa aweza kufa huko huko. Anayevuka huja mezani mtu mzima mwenye ujuzi wake, na ujuzi huo hauongezeki sana. Kundi linalofurahia kuona mnyonge akiwa shujaa halitaridhika hapa.

Halitaridhika pia na Call of Cthulhu, aliyoiandika Sandy Petersen mwaka 1981 kutokana na hadithi za kutisha za H. P. Lovecraft. Humu huhesabiwa utimamu wa akili. Ukiona dubwana unarusha dadu, na ukishindwa alama zinashuka. Kibaya zaidi, kadiri unavyojifunza siri za viumbe hao, ndivyo kilele cha utimamu unachoweza kufikia kinavyoshuka. Bila maarifa huwazuii, ukiyapata, yanakula. Huo ni ubunifu mkubwa, lakini wapenzi wa kisa kirefu wajiandae kuzika wahusika na kuingiza wapya.

Kwa kisa kirefu hasa, sijaona kilichofikiriwa kwa kina kama Pendragon ya Greg Stafford, ya 1985, kuhusu mashujaa wa Mfalme Arthur. Kwa kawaida safari moja huchukua mwaka mzima wa hadithi. Kisha hufika majira ya baridi, na dadu huulizwa mambo ya nyumbani: farasi amepona? Mke amejifungua? Mtoto yu hai? Tabia nazo huhesabiwa kwa jozi zenye jumla ya 20, hivyo mwenye huruma 13 ana ukatili 7. Baba akizeeka au kufa, mwanawe hushika upanga. Kitabu chake kikubwa cha hadithi kinafuatilia takriban miaka 80, vizazi kadhaa vya ukoo mmoja.

Apocalypse World ya 2010, ya Vincent Baker na Meguey Baker, huchezwa kwa dadu mbili za kawaida. Ukipata 7 hadi 9 unafanikiwa kwa gharama, na gharama hiyo ndiyo inayozaa tukio linalofuata. Msimamizi asiye na muda wa kuandaa mambo mengi atapumua.

Kujaribu si ghali. Januari 2023, baada ya wachezaji kupinga mpango wa Wizards of the Coast, wachapishaji wa D&D, wa kubadili leseni ya kutumia kanuni zake, kampuni hiyo iliweka kanuni za msingi za toleo la tano la D&D chini ya leseni huria ya Creative Commons. Call of Cthulhu nayo ina kijitabu cha kuanzia kinachotolewa bure. Kundi linaweza kuupa kila mfumo jioni moja, kisha ndipo likanunue kitabu.