Risasi ya Kichwa na Njia ya Tabora

Ukisimama Ng'ambo, uko katika mji wa Tabora, ulioijua bunduki kabla ya kuijua hospitali. Agosti 1871 Mirambo aliwavizia Waarabu wa Unyanyembe waliokuwa wakirudi kutoka Wilyankuru na mateka yao, na Soud bin Sayd akauawa. Mwezi huo huo vita vikaingia Tabora kwenyewe, akafa Khamis bin Abdullah.

Silaha ya wengi siku hizo ilikuwa gobole. Risasi yake haina kasi ya bunduki ya kivita ya leo. Ikitoka mbali yaweza kuvunja fuvu ikaishia hapo. Kwa karibu, msidanganyike, iliua papo hapo. Na aliyeponea pigo lenyewe alingojwa na usaha, maana mfupa, nywele na uchafu vilizama ubongoni. Aende wapi? Kutoka Bagamoyo hadi Tabora, Stanley alitembea miezi 3 mwaka huo huo.

Wabelgiji walipoiteka Tabora Septemba 1916, reli ilikwisha kufika tangu 1912. Bunduki nazo zilikuwa zimebadilika: risasi ya kasi huchana ubongo hata pembeni mwa njia inamopita. Mwaka 1917, katika vita hiyo hiyo, daktari Mmarekani Harvey Cushing alikuwa Ubelgiji akisafisha vidonda vya ubongo kwa subira, akitoa vipande vya mfupa na kufunga ngozi. Kwa miezi 3, vifo vya majeruhi wake vilishuka kutoka kama 54 kwa mia hadi 29. Na penisilini haijagunduliwa!

Daktari wa leo huuliza: risasi imepita wapi? Ikibaki upande mmoja, tumaini lipo. Ikivuka pande zote mbili au kugusa shina la ubongo, ni haba mno. Mgonjwa anafumbua macho? Anajibu? Mboni zinanywea zikimulikwa? Kisha damu na pumzi, na hapa ndipo wanaombeba wana kazi. Damu ikiisha au hewa ikikosekana, hata sehemu ya ubongo ambayo risasi haikuigusa hufa. Basi kidonda kisichokolewe. Kifunikwe kwa kitambaa safi, njia ya hewa iwe wazi, majeruhi afikishwe Kitete upesi. Akihitaji kupelekwa Bugando, Mwanza, bado kuna saa kadhaa za barabara mbele yake.