Linda moyo, au linda akili?

Siku hizi mhubiri wa Kisumu akiwaonya vijana juu ya kubeti na picha chafu za simuni, huwaambia walinde akili. Biblia ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, inataja moyo katika Mithali 4:23. Tofauti hiyo si ndogo.

Akili tuliipokea kutoka Kiarabu, na huelekea kwenye werevu: mwanafunzi bora ana akili, tapeli naye anazo, tena nyingi. Moyo ni neno la Kibantu, na Kiswahili kimeupa kazi ya kufikiri tangu zamani. Mtu husema moyoni, huweka jambo moyoni, huhifadhi Zaburi kwa moyo. Kiebrania cha Agano la Kale nacho huweka fikra moyoni. Mjaluo wa Kisumu naye ana neno chuny, yaani ini, na pia moyo na roho. Mama wa Kijaluo ataitaja chuny buchani akinunua ini la ng'ombe, kisha jioni aitaje tena akiomba, safari hii akimaanisha nafsi yake.

Anayelinda akili peke yake hujihadhari asidanganywe. Lakini kijana anayebeti saa sita usiku hajadanganywa. Anajua vizuri kwamba mwenye kampuni ndiye hufaidi. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la nne ataifanya. Kinachomshika ni tamaa, na tamaa kwa Kiswahili haijawahi kukaa akilini.

Wahubiri wetu, lirudisheni neno la Mithali mimbarini.